Negosia, andika bei!

«Leo gramu ni ngapi?» Swali hilo tunalisoma kila asubuhi katika magrupu ya WhatsApp ya Misisi na Baraka. Jibu la manegosia wengi ni lile lile: «Kuya tuzungumuze.»

Jibu hilo limepitwa na wakati. Mwezi wa kumi 2025 bei ya dunia ilivuka dolari 4.000 kwa onsi. Onsi ni gramu 31,1, yaani gramu moja ya dhahabu safi ilizidi dolari 128. Mchimbaji mwenye megabaiti kidogo anapiga hesabu hiyo akiwa bado mgodini. Ukimwambia «kuya», anajua unaficha kitu.

Hatusemi negosia alipe 128. Dhahabu ya kwetu si safi kabisa, kuna ushuru, kuna ile barabara ya Baraka (wakati wa mvua, munaijua wenyewe). Basi aandike bei, anachokata, na sababu. Mtu akilalamika juu ya mizani asimfukuze kwenye grupu. Amjibu pale pale mbele ya wote, tena kwa odio, maana si wote wanasoma. Mama muuza ndagala wa Baraka anaweka picha na bei chini yake. Mununuzi wa dhahabu anashindwa na nini?