Mvua Haizuii Mbio za Bonane. Radi Ndiyo Izuiayo

Noeli na Bonane zinapokaribia, vijana wa Kisangani wakitaja tu mbio za barabarani za kufunga mwaka, hazikosekani sauti za kuwavunja moyo kwa neno moja: mvua. Nasema wazi kwamba mvua peke yake si sababu ya kufuta mbio katika mji huu. Yako mambo matatu ya kuogopwa kwelikweli, nayo ni radi, nyaya za umeme na maji yanayoficha mashimo. Bahati mbaya, wanaopiga kelele juu ya mvua ni nadra kuyataja hayo.

Wa kwanza husema: "Ngojeni kiangazi." Kiangazi kipi? Sisi si Lubumbashi, ambako miezi kadhaa hupita bila tone. Kisangani iko chini ya digrii moja kaskazini ya ikweta, katikati ya msitu, na kwa mwaka hupata zaidi ya milimita 1,700 za mvua. Hatuna mwezi mkavu. Kuanzia Desemba hadi Februari mvua hupungua, kisha huongezeka tena Machi na Aprili, na Septemba hadi Novemba ndipo inapomwagika hasa. Kwa hiyo Bonane inaangukia kipindi chetu chenye nafuu. Anayetaka mbio zihamishiwe Aprili anaruka majivu na kukanyaga moto.

Jambo la kubadilisha ni saa. Mawingu ya ngurumo hujikusanya zaidi jua likishapasha ardhi, kuanzia mchana hadi jioni. Mbio zinazoanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi zinaweza kuwa zimekwisha kabla ya saa tatu. Hata Wabrazil wa São Paulo, wanaokimbia mbio zao za São Silvestre tarehe 31 Desemba tangu mwaka 1925, katikati ya msimu wao wa mvua, waliacha mazoea ya zamani ya kukimbia usiku na siku hizi huanza asubuhi. Mkenya Paul Tergat alishinda mbio hizo mara tano. Sijasikia mtu akisema ziahirishwe hadi kukauke.

Wengine hudai kwamba kunyeshewa kunaleta malaria na homa ya mapafu. Malaria huletwa na mbu jike wa Anopheles, anayeuma hasa kuanzia jioni hadi alfajiri. Maji ya mvua mgongoni mwa mkimbiaji hayana vimelea. Homa ya mapafu nayo husababishwa na bakteria na virusi. Ila mzazi anayesema hivyo ana chembe moja ya haki: mtoto aliyelowa, akimaliza kukimbia na kusimama saa nzima akingoja hotuba za wakubwa, atatetemeka. Dawa yake ni nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, chai ya moto, na hotuba fupi.

Halafu kuna hoja kwamba wakimbiaji wa kweli hawakimbii mvuani. Marathoni ya wanaume ya Olimpiki ya Rio, tarehe 21 Agosti 2016, ilikimbiwa mvua ikinyesha, katika joto la kiasi cha nyuzi 24, yaani hali ambayo Mkisangani yeyote angeiona ya kawaida. Eliud Kipchoge alishinda kwa saa 2:08:44. Na Kongo yetu ilikuwamo: Makorobondo Salukombo, mzaliwa wa Kivu, alikimbia siku hiyo akiwa amevaa rangi za taifa. Miaka miwili baadaye, Aprili 2018, mbio za marathoni za Boston, Marekani, zilipigwa na mvua ya baridi kali na upepo wa mbele. Mabingwa wengi waliacha njiani. Aliyeshinda kwa wanaume ni Yuki Kawauchi wa Japani, aliyekuwa mtumishi wa serikali akifanya mazoezi nje ya saa za kazi.

Hoja kwamba mvua inapoza mwili na hivyo maji ya kunywa hayahitajiki haina haja ya maneno mengi. Hewa yetu ina unyevu mwingi, jasho halikauki, nalo jasho lisilokauka halipozi. Mkimbiaji anapoteza maji hata mvua ikinyesha. Meza za maji zibaki palepale, na kila mtu anywe kwa kadiri ya kiu yake.

Sasa nigeukie upande wa pili, wa mashujaa wanaosema: "Mvua ni maji tu, hata ikinguruma tunakimbia." Hawa wananitisha kuliko waoga. Tarehe 22 Mei 2021, huko Gansu nchini China, wakimbiaji 21 walikufa katika mbio za kilomita 100 milimani, walipokutwa na mvua ya baridi, mawe na upepo wakiwa na nguo nyepesi. Baridi ya namna ile haifiki Kisangani. Radi inafika. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani.

Mwezi Oktoba 1998, huko Bena Tshadi, Kasai, iliripotiwa kwamba radi iliua wachezaji 11 wa timu moja uwanjani huku wapinzani wao wakisalimika, na watu wakaanza kunyosheana vidole vya uchawi. Dhana ya kwamba radi "hutumwa" inaua mara mbili. Kwanza, inamfanya asiye na adui ajione salama. Pili, inawazuia watu kumgusa aliyepigwa. Mwili wake haubaki na umeme! Mguse. Kama hapumui na moyo umesimama, mbonyeze kifua kwa nguvu na kwa kasi bila kukoma mpaka msaada ufike. Wengi waliopigwa na radi wanaweza kuokolewa hivyo.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Ukiona mwanga, hesabu. Ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita kumi: mbio zinasimama. Haziendelei mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kimbilio ni nyumba imara au gari lililofungwa. Mwembe si kimbilio, wala hema la turubai lenye nguzo za chuma walikoketi wageni rasmi. Makanisa na shule zilizo kando ya njia ziombwe mapema kuacha milango wazi asubuhi hiyo.

Kuhusu barabara, wanaolalamika wana haki nusu. Mvua kubwa ikishuka katika komini zetu za Mangobo au Kabondo, maji hujaa hadi ukingo na mtaro haujulikani tena ulipo. Mguu ukitumbukia humo, kifundo kimekwisha. Lakini hilo linatatuliwa kwa kupita njia nzima jana yake, kuziba au kuzungushia kamba kila shimo, na kumsimamisha mtu mwenye fimbo na kitambaa chekundu penye mtaro. Wakati huohuo waandaaji watazame juu. Tarehe 2 Februari 2022, soko la Matadi Kibala, Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulianguka baada ya mvua, wakafa watu 26. Palipo na waya unaoning'inia, njia ibadilishwe.

Yako na madogo. Namba za karatasi hugeuka uji kabla ya kilomita ya tatu, basi namba iandikwe pia mkononi kwa kalamu ya wino usiofutika. Fulana ya pamba ikilowa hukwangua kwapa na chuchu mpaka damu. Paka mafuta mapema.

Waandaaji, kabla ya kuchapa fulana, teueni mtu mmoja wa kusikiliza ngurumo. Mpeni filimbi na mamlaka kamili ya kusimamisha mbio bila kuomba ruhusa kwa mdhamini wala kwa mgeni rasmi, na jina lake litangazwe kwa wakimbiaji wote kabla ya kuondoka.