Fundi wa Nyumbani: Draya haijafa, imekosa pumzi

Baada ya pasi na friji, toleo hili tunaishika mashine ya kukaushia nguo, ambayo wengi wetu nyumbani tunaiita draya. Tumeichagua kwa sababu tangu Agosti ianze tumesikia lalamiko moja katika nyumba tatu tofauti hapa Doha: "Draya imekufa." Tulikwenda kuzitazama zote tatu. Hakuna iliyokuwa imekufa. Zilikosa pumzi tu.

Kwanza tujibu swali la bibi zetu walioko Mombasa na Unguja: nchi yenye jua kali kama Qatar inataka mashine ya nini? Jibu ni kwamba nguo haikaushwi na jua peke yake. Hukaushwa na hewa inayopita, ikachukua maji, ikaenda zake. Agosti na Septemba hewa ya Ghuba huwa imekwisha kujaa maji, haina nafasi ya kubeba mengine. Nguo ulizoanika usiku kwenye roshani, asubuhi utazikuta bado mbichi. Waarabu huita hali hiyo rutuba, neno lile lile ambalo sisi tumelizoea zaidi kwenye habari za udongo na kilimo. Ongeza vumbi, na ongeza majengo yasiyoruhusu nguo kuning'inia upande wa barabara.

Draya hufanya kazi ile ile ya upepo. Ngoma inazungusha nguo, koili inapasha hewa moto, na feni inaipitisha hewa hiyo katikati ya nguo. Tofauti iko mwisho wa safari. Draya ya bomba huutoa mvuke nje ya nyumba. Draya ya tangi huupoza mvuke mpaka ukawa maji. Draya ya pampu ya joto nayo hukusanya maji, lakini joto lake hulitumia tena na tena, kwa hiyo haili umeme mwingi. Katika zote tatu, njia ya hewa ikiziba nguo hazikauki hata mashine ikae inazunguka siku nzima. Ndiyo maana tunasema: kabla ya kutafuta kilichovunjika, tafuta kilichoziba.

Anza na chujio, lile la mlangoni linalokamata manyoya ya kijivu yanayotoka kwenye nguo. Lisafishwe kila baada ya mzigo mmoja, si kila wiki. Kama nyumbani mnatumia vile vikaratasi vya manukato vya kulainishia nguo, chujio hupata utando usioonekana kwa macho. Limiminie maji. Yakituama juu badala ya kupita, lioshe kwa sabuni na brashi laini, na likauke kabisa ndipo ulirudishe.

Kisha nenda kwenye kipozeo. Katika draya nyingi za tangi kiko nyuma ya kimlango kidogo chini, na kinatoka ukakisuuza bombani. Cha pampu ya joto kwa kawaida hakitoki. Kipige brashi laini bila kupinda mapezi yake. Tangi limwagwe kila mara, maana maji si machache: kilo 5 za nguo za pamba zilizokamuliwa kwa mizunguko 1,000 kwa dakika bado hubaki na maji yapatayo lita 3. Draya ya bomba, vuta mashine mbele uone kama bomba limebanwa na ukuta.

La tatu ni chumba, na hapa ndipo Doha inapotutesa. Draya ya tangi hupoza mvuke kwa kutumia hewa ya chumbani. Vitabu vingi vya maelekezo hutaka chumba kisizidi nyuzi joto 35 hivi. Sasa iweke kwenye stoo isiyo na dirisha, au roshani iliyofungwa kwa vioo, mwezi wa Agosti! Itapoza kwa kitu gani? Iwashe usiku, acha mlango wa chumba wazi, na ikiwezekana hewa ya kiyoyozi iifikie.

Katika nyumba mojawapo kati ya zile tatu, draya ilikuwa stoo, mlango umefungwa. Mama mwenye nyumba alikwisha kuamua kununua nyingine. "Wanangu, hiyo imekula chumvi nyingi, iacheni ipumzike," alituambia. Tukamwomba, "Mama, tupe nusu saa tu." Kipozeo kilitoka na manyoya yaliyoshikamana kama kipande cha blanketi. Tulikisuuza, tukaacha mlango wazi, tukawasha. Nguo zilizokuwa zikichukua saa nne zikakauka kwa saa mbili. Pesa za draya mpya zimebaki kwenye hesabu ya tiketi za kwenda nyumbani Desemba.

Kama hewa inapita vizuri na tatizo lingalipo, sikiliza na gusa. Mota inanguruma lakini ngoma haizunguki? Chomoa plagi, zungusha ngoma kwa mkono. Ikienda kwa wepesi mno, huenda mkanda umekatika. Ngoma inazunguka lakini hewa ni baridi? Huenda koili imeungua, au kinga ya joto imekata. Kinga hiyo hukata umeme joto likizidi, na mara nyingi joto huzidi kwa sababu hewa imeziba. Fundi akiibadilisha bila kusafisha njia ya hewa, itakata tena. Fundi akitaka kuiruka kwa kuunga waya moja kwa moja, mshukuru na umsindikize mlangoni. Mashine inasimama mapema na nguo bado mbichi? Futa vile vibati viwili vya sensa vilivyo ndani ya ngoma kwa kitambaa chenye siki kidogo.

Umeme nao una hesabu yake. Draya ya wati 2,400 kwenye volti 240 inavuta ampea 10. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13. Ukiunganisha draya na birika la wati 2,400 kwenye ekstensheni moja, umefika ampea 20. Draya ipewe soketi yake ya ukutani.

Na tusichukulie manyoya kuwa uchafu tu. Hayo ni kuni. Agosti 2016, huko London, moto ulioanzia kwenye draya yenye hitilafu ulipanda ghorofa kadhaa za jengo la Shepherd's Court. Mtengenezaji alikwisha kutoa tahadhari tangu Novemba 2015, kwamba katika draya za aina hiyo manyoya yangeweza kufikia koili. Hapa Doha watu wanahama kila siku na kuuza vyombo vyao. Ukinunua draya iliyotumika, soma namba ya modeli karibu na mlango na uitafute kwa mtengenezaji kabla ya kulipa. Vitambaa vilivyofutia mafuta ya kupikia visiingie humo kamwe, maana vinaweza kushika moto vyenyewe vikiwa vimerundikwa na joto. Usiizime katikati ya safari. Zile dakika za mwisho za hewa baridi zina maana. Na usilale ikiwa inazunguka.

Neno la mwisho ni la kanga na kanzu. Kanga mpya zifuliwe peke yake kwanza, zisije zikachuja rangi kwenye kanzu za watu. Kanga hukauka upesi kuliko jinzi, basi zisichanganywe. Kanzu itoe ikiwa bado mbichi kidogo, pasi itakushukuru.

Msamiati wetu wa toleo hili: kuanika ni kutandaza nguo zikauke, kuanua ni kuziondoa zilipoanikwa, na nguo mbichi ni ile ambayo haijakauka. Swali tunaloliacha kwa wanachama na walimu: nguo zikitoka kwenye draya, tunasema tumezianua, au tumezitoa tu? Tuleteeni majibu mkutano ujao. Toleo lijalo, kiyoyozi kinachodondosha maji.