Maji ya Hola na Masikio Yetu



Wako watu wasemao kwamba wakati wa vita mfanya kazi anyamaze, asikilize redio, asome gazeti, aamini. Sisi wa reli tuliotoka Kalama twasema: hapana. Wakati wa vita ndipo mtu apaswapo kuuliza zaidi, maana ndipo adanganywapo zaidi.

Tazameni mambo yaliyopita. Vita vya Hitler vilipoanza mwaka 1939, gazeti la Baraza lilianzishwa Nairobi kwa Kiswahili ili Waafrika wapate habari za vita. Vijana wengi wa Ukambani waliingia KAR. Waliambiwa wanapigania uhuru. Lakini mwaka 1940, vita vikiendelea, serikali hiyo hiyo ilipiga marufuku Ukamba Members Association, chama kilichopinga kunyang'anywa ng'ombe wetu mwaka 1938. Uhuru wa Ulaya ulitangazwa kwa sauti kubwa. Uhuru wa Machakos ulizibwa mdomo.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Magazeti mengi ya Waafrika yakafungwa, sauti ya serikali ikabaki karibu peke yake. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, mahabusi 11 waliuawa kwa kipigo walipokuwa wakilazimishwa kufanya kazi. Serikali ikatoa tangazo kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka gari la maji. Angalieni ujanja huo! Hawakusema maji yamewaua. Walisema "baada ya" tu, wakatuachia sisi tuumalize uongo wenyewe. Mwezi wa Mei uchunguzi wa mahakama ulionyesha kwamba kilichowaua ni kipigo.

Lakini tusijidanganye kwamba huu ni ubaya wa Mzungu peke yake. Kule Rwanda, redio ya RTLM iliyoanza mwaka 1993 ilikuwa ya Waafrika wenyewe, ikisema kwa lugha ya nyumbani na kupiga muziki wa kupendeza. Mwaka 1994 ikawaita Watutsi mende, ikataja watu kwa majina na mahali walipo, ili wauawe. Wakubwa wawili wa redio hiyo, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, walihukumiwa Arusha mwaka 2003.

Kazini kwetu, mtu akipeperusha bendera ya kijani na njia haiko wazi, treni huanguka, naye hushtakiwa. Habari nayo ni bendera. Basi mbona twaifuata bila kuangalia njia?

Ndugu, hatusemi mtupe redio. Twasema mwulize mambo matatu: Nani asema? Nani aliyeona kwa macho yake? Ni jambo gani lililoachwa? Na siku redio, gazeti au simu ya mkononi ikituambia kwamba mwenzetu wa genge ni adui kwa sababu ya kabila lake, tusiipeleke habari hiyo kwa mtu wa pili. Iishie kwetu. Huyo ndiye tunayeinua naye reli moja. Tukimtupa leo, kesho nani atasimama nasi tukidai mshahara?

Umoja wetu usivunjwe na sauti ya mtu tusiyemwona.