Mvamizi Alipita Mlangoni

Chini ya Mwembe
Safu ya kila wiki ya Ngoie wa Ilunga, Kabongo

Mwaka 2015 Mkenya Andrew Kaggia na kampuni yake, Black Division Games, walitoa mchezo wa kompyuta unaoitwa Nairobi X. Viumbe kutoka sayari nyingine wameivamia Nairobi, na mchezaji anakuwa Otero, askari wa kikosi maalumu, anayewasaka kwa bunduki mitaani. Kaggia alikuwa ameshajulikana tangu 2011 kwa filamu yake fupi ya katuni, Wageuzi, iliyowafanya wanasiasa wa Kenya kuwa magari ya kivita yanayokimbizana kuelekea Ikulu. Ulipotoka, watu wengi waliufurahia mchezo huo kwa jambo moja tu: kwa mara ya kwanza wavamizi wa anga walikuwa wameacha kushukia New York na London, wakashukia mji wetu wa Afrika Mashariki, na aliyewazuia akawa Mwafrika.

Nimekumbuka mchezo huo kwa sababu ya ugomvi uliozuka hapa mtaani kwetu. Kuna chumba kimoja karibu na soko ambako vijana hulipa faranga kidogo wacheze mbele ya televisheni. Mchana ni mpira mtupu. Jioni, mwenye chumba akiwa na mafuta ya kutosha kwenye jenereta, anaweka mchezo wa wavamizi. Niliingia nikakaa kwenye benchi la nyuma. Wawili wanacheza, kumi na zaidi wamesimama nyuma yao, na kijana mmoja wa sekondari anawasomea wadogo amri zinazoandikwa kwa Kifaransa chini ya kioo: shika daraja hili, linda mlango ule, usirudi nyuma. Kiumbe chenye macho sita kikitokea gizani, chumba kizima kinapiga kelele, "Nyuma yako! Nyuma yako!" Mtoto anageuka, anapiga, kinaanguka, na wote wanapumua. Nilipenda jinsi walivyokuwa kitu kimoja. Mshindi alikabidhi zamu yake kwa mdogo asiye na hela, bila kuombwa.

Mchungaji mmoja anasema vile viumbe ni mashetani na chumba kifungwe. Hilo silikubali. Lakini kuna mama mmoja tunayesali naye, aliyekimbia vita vya wanamgambo wa Mayi-Mayi upande wa Malemba-Nkulu miaka ya mwanzo ya 2000 akiwa na mtoto mgongoni. Nyumba yake imepakana na chumba hicho. Milio ile ikianza, anatoka kwenda kukaa kwa jirani hadi jenereta inapozimwa. Kwake nasimama bila masharti: mwenye chumba apunguze sauti, na watoto wadogo kabisa wasikae kwenye michezo ya bunduki. Sisi wa kaskazini ya Katanga tumeshasikia bunduki za kweli za kutosha. Wazee wetu bado wanakumbuka 1960 na 1961, jandarmu wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, walipochoma vijiji vyetu sisi Baluba.

Hata watengenezaji wa michezo hii waliwahi kusumbuliwa na jambo hilo la kupiga watu risasi. Space Invaders, mchezo wa Kijapani wa mwaka 1978 ulioeneza mtindo huu duniani, ulibuniwa na Tomohiro Nishikado. Alikuwa amefikiria kwanza kuweka watu kama shabaha, lakini kumpiga mtu risasi kwa burudani kukaonekana ni kosa, naye akachora viumbe vya anga vinavyofanana na pweza na kaa. Tangu hapo kiumbe wa sayari nyingine amekuwa adui anayeuawa bila mtu kuulizwa. Hana mama, hana kijiji, hadai chochote.

Hadithi yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwingereza H. G. Wells aliitoa kama kitabu mwaka 1898, viumbe wa Mirihi wakiiteketeza Uingereza kwa miali ya moto. Mwanzoni kabisa mwa kitabu aliwakumbusha wasomaji wake kwamba kabla ya kuwalaani watu wa Mirihi, wafikirie namna Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Alijua anachokiandika. Mwaka huohuo wa 1898 nchi yetu hii ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, na watu walikuwa wanakatwa mikono kwa ajili ya mpira wa porini. Wells alichukua yaliyowapata wengine akayaweka London ili Waingereza waone kwa macho yao. Michezo ya leo imerithi miali ya moto, ule ukumbusho ikauacha.

Ndiyo maana nina lawama, nayo ni nzito: mchezo unamfundisha mtoto kwamba mvamizi anatambulika. Ana macho sita, anashuka na chombo cha moto, na siku anayofika binadamu wote wanasimama upande mmoja. Mtoto wa Kabongo akiamini hivyo, atakaa akitazama juu siku zote huku mvamizi anakaribishwa chakula nyumbani.

Tuangalie aliyefika kwetu. Oktoba 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron aliingia Kilemba, makao ya mfalme wetu Kasongo Kalombo. Alikuta wageni wengine wameshatangulia. Kulikuwa na Juma Merikani, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa akiongea Kiswahili, na Cameron alimsifu kwa ukarimu. Kulikuwa pia na José Antonio Alvez, aliyetoka Bihé, Angola, kutafuta pembe na watumwa. Wote walikuwa na makazi yao, wanauza na kununua, wanaheshimiwa. Mfalme mwenyewe hakuwepo. Alikuwa akizunguka nchi yake kukusanya kodi na kupiga vijiji vilivyomkaidi, na Cameron alimsubiri hadi Januari 1875.

Kisha safari ya kwenda magharibi ilipoanza, Cameron aliona jambo aliloliandika kwa uchungu. Mtu mmoja wa msafara wa Alvez, aitwaye Coimbra, alirudi na wanawake 52 wamefungwa kamba, kwa mafungu ya watu 17 au 18. Wengine walibeba watoto, wengine walikuwa wajawazito, na juu ya hayo walibebeshwa mizigo ya vitu vilivyoporwa. Cameron alikadiria kwamba ili kuwapata hao 52, vijiji visivyopungua 10 vilikuwa vimeteketezwa, vyenye watu wapatao 1,500 kwa jumla. Wengi wa waliobaki, kwa maoni yake, walikufa kwa moto, kwa risasi, au kwa njaa porini.

Nani aliwaonyesha njia ya kwenda kwenye vijiji hivyo? Coimbra hakuzaliwa Buluba. Vijia vya misitu yetu hakuvijua. Nchi ilikuwa na mfalme, na wageni hawa walikaa miaka kwa ridhaa yake, kwa sababu waliingiza bunduki na baruti, na mwenye bunduki aliwashinda ndugu zake. Hapo hakuna chombo kilichoshuka kutoka angani. Kuna mlango uliofunguliwa na watu wa ndani, kila mmoja akidhani mgeni atakuwa wake peke yake.

Alipokufa Kasongo Kalombo, ndugu waligombea kiti. Najua kuyasema haya hapa Kabongo ni kugusa kidonda, kwa kuwa mji wetu una jina la mmoja wa waliogombea. Mpinzani wake, Kasongo Niembo, alishirikiana na askari walioasi kambi ya Luluabourg mwaka 1895, akapambana na Wabelgiji hadi alipokamatwa mwaka 1917. Upande wa Kabongo ukapatana na serikali ya wageni. Milki ikabaki vipande viwili, na hadi leo kuna watawala wa jadi wawili wenye majina hayo. Sisemi upande upi ulikosea. Nasema vijana wetu hawaujui mgawanyiko huu, na wale wachache wanaoujua wameusikia kama matusi ya kutupiana kati ya watu wa huku na watu wa Kamina, upande wa Kasongo Niembo.

Upo upande wa pili wa jambo hili ambao unanipa furaha, na ningependa watoto waupate pia. Ufalme wa Baluba wenyewe, kama wazee wanavyousimulia, ulitokana na mgeni. Mbidi Kiluwe, mwindaji kutoka mashariki, alifika kwa Nkongolo Mwamba, mfalme mkali aliyekula hadharani na kucheka mdomo wazi. Mbidi alikula kwa kujificha, akaonyesha adabu za kifalme zilizokuwa hazijulikani, na mwanawe Kalala Ilunga ndiye aliyemshinda Nkongolo na kusimamisha milki. Kwa hiyo babu zetu waliwajua wageni wa aina mbili, na waliwapima kwa matendo: anakulaje, anaongeaje na wake wa mwenyeji, anaondoka ameacha nini. Kipimo hicho ndicho mchezo wa wavamizi umekitupa, maana ndani yake kila mgeni anapigwa kabla hajafungua mdomo.

Nilimuuliza mpwa wangu, ambaye ana mchezo wa aina hii kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, kama katika mchezo huo kuna binadamu anayekubaliana na wavamizi. Akafikiri. "Hapana, Mjomba. Ungekuwa mgumu sana." Nilimwambia amesema vizuri, ndio mgumu, na ndio ningependa kuucheza.

Wenye ujuzi wa kutengeneza mchezo wa namna hiyo barani wapo. Mbali na Kaggia, kuna Olivier Madiba na wenzake wa Kiro'o Games wa Yaoundé, mji ambao umeme wake unakatika kama wa kwetu. Mwaka 2016 walitoa Aurion, mchezo wenye ufalme wa kubuni uliojengwa kwa hadithi za Kiafrika, baada ya kazi ya miaka mingi na baada ya kuchangiwa fedha na watu wa kawaida kupitia intaneti. Sisi tunacho kitu ambacho hao hawana: lukasa. Ni ubao mdogo wa mbao unaoshikwa kwa mkono wa kushoto, umepachikwa shanga na simbi, na mtu wa chama cha Mbudye anaupapasa kwa kidole cha mkono wa kulia huku akisimulia wafalme, safari, makaburi, mito. Shanga moja ni mtu, mstari wa shanga ni njia, na msimulizi anaweza kuchagua njia nyingine kulingana na anayemsikiliza. Nikiwatazama vijana wale karibu na soko, vidole vyao vikitembea juu ya vitufe bila kuviangalia, naona mikono iliyo tayari kabisa kwa lukasa.

Mchezo huo ningeuanzia Kilemba, 1874, mfalme akiwa hayupo. Mchezaji awe kijana wa Mbudye anayepita kijiji kwa kijiji. Alvez anampa baruti. Akipokea, vita vinavyofuata anashinda, na akirudi njiani anakuta vijiji viwili havina watu. Juma Merikani anampa nguo na maneno mazuri. Cameron anamwomba amwonyeshe mto. Kila anayemkubalia anabadilisha ramani, na bunduki iwemo pia, kwa sababu ilikuwemo.

Kazi hii haianzi na kompyuta, ambayo kwetu ni shida kuipata. Inaanza na wazee wanaojua masimulizi, daftari, na simu ya kurekodi sauti yao wakiwa bado wana nguvu za kuongea. Kijana yeyote wa pale chumbani aliye tayari anitafute Jumamosi watu wakishatoka sokoni. Nina wazee wawili walioniahidi kukaa nasi, na wamesema kijana huyo aje na watani zake wa upande wa Kasongo Niembo.