Kongamano la Nyansiongo: tuwape wanafunzi kazi, si cheti

Nina jirani mwalimu, Mkisii wa Nyansiongo, ambaye amesomesha hapa Pwani miaka mingi hadi anatutania kwa lafudhi yetu wenyewe. Baada ya Magharibi huja kukaa nasi barazani, akanywa kahawa chungu bila kukunja uso, jambo ambalo wageni wengi hawaliwezi. Majuzi alikuja na swali. Wazee na walimu wa kwao wanataka kuitisha kongamano la uongozi la siku mbili wakati wa likizo, kwa wanafunzi wa sekondari wanaojitolea: wale wa klabu za Msalaba Mwekundu, maskauti, wapanda miti, na wale wanaofuata ngazi za Tuzo ya Rais. Yeye ameombwa azungumze. "Niwaambie nini ambacho hawajaambiwa?" akatuuliza.

Mzee mmoja akamjibu upesi: waambie wasome. Tukacheka, lakini swali halikunitoka.

Huenda ukauliza, Nyansiongo inatuhusu nini sisi wa huku chini? Ni mji mdogo wa Borabu, kaunti ya Nyamira, kwenye baridi na majani chai. Basi hiyo chai yenyewe ndiyo inayotuunganisha. Nyansiongo kuna kiwanda cha chai cha wakulima wadogo, na chai ya viwanda kama hivyo hushuka hadi Mombasa, kwenye mnada ulioanzia Nairobi mwaka 1956 ukahamia hapa 1969. Vijana wetu wanaobeba magunia kwenye maghala ya Shimanzi wanaishi kwa jasho la mkulima wa Borabu, naye anaishi kwa bei inayotajwa hapa mjini. Lakini hata bila chai, ninalotaka kulisema leo linamhusu kila mzazi mwenye mtoto bwenini, awe Borabu au Matuga.

Tuanze na jipya. Mwaka huu wa 2026 ndio wa kwanza wa Gredi ya 10, yaani sekondari ya juu ya mtaala mpya. Pamoja na Kiingereza, Kiswahili na hisabati, huduma kwa jamii sasa ni somo la lazima. Kujitolea, ambako zamani kulikuwa hiari ya watoto wachache wenye moyo, kumeingia kwenye ratiba pamoja na kengele. Mimi naona kheri ndani yake, na hatari pia. Kheri ni kwamba mtoto atatoka darasani aone watu wanaishi vipi. Hatari ni kwamba tutafanya kama tulivyozoea: picha za ufagio sokoni kwa dakika kumi, fomu ijazwe, mwalimu atie sahihi, basi. Kitu cha hiari kikilazimishwa bila kupewa maana hugeuka uongo mdogo ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeusema.

Nayasema haya kwa sababu makongamano ya uongozi nimeyaona. Mpwa wangu alipokuwa kidato cha tatu alikuja na barua ya shule moja ya bweni, sitaitaja, ikidai shilingi elfu nne za kongamano la viongozi wanafunzi. Mamake akakopa kwenye chama. Kijana akaenda siku moja, akarudi na fulana, kalamu na cheti chenye jina lake limekosewa. Nikamuuliza walijifunza nini. Akasema mheshimiwa alichelewa saa tatu, kisha akawaambia wao ni viongozi wa kesho. Nikamuuliza kama kuna aliyewauliza wao neno lolote. Akanitazama kama niliyeuliza swali la ajabu.

Na waliobaki shuleni kwa kukosa elfu nne? Mmoja wao, aliniambia, ndiye aliyekuwa akiamka usiku kuwapeleka wenzake wagonjwa kwa matroni. Yeye hakuwa kiongozi kwa mujibu wa barua, maana hakulipa.

Hapo ndipo pana kiini cha jambo. Kwa miaka mingi tumemfanya kiongozi mwanafunzi kuwa mtu wa juu, masikio ya mwalimu mkuu, na nchi hii imelipa kwa damu. Mwaka 1999, katika shule ya upili ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja chumbani walikolala wakawamwagia petroli. Wanne walikufa. Wale viranja walikuwa watoto tu, waliobebeshwa na watu wazima mzigo wa kuwatawala watoto wenzao. Mwaka 2008 migomo ikazikumba shule zipatazo 300, na mwaka uliofuata serikali, ikisaidiana na UNICEF, ikaanzisha baraza la kitaifa la wanafunzi wa sekondari. Viranja wa kuteuliwa wawekwe kando, watoto wachague wenyewe, wajumbe wakutane Nairobi kwa kongamano la kitaifa. Kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi kiti katika bodi ya shule kwa wadhifa wake.

Kiti hicho kipo kwenye karatasi. Kwa wanaokikalia nimeuliza wanafunzi wa shule nne za hapa kwetu, na ni mmoja tu aliyejua kwamba kipo. Si utafiti huo, ni maswali ya mtu anayekutana na watoto kwenye matatu, lakini fanya na wewe kwa watoto wa mtaani kwako uone.

Turudi Gusii. Mwaka 2016 mabweni yaliungua nchi nzima, shule zaidi ya 100, na Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoungua sana. Itierio ilipoteza mabweni yake usiku mmoja mwezi wa Juni, ikasemwa ni kwa sababu wanafunzi walinyimwa kutazama mpira wa kombe la Ulaya. Waziri wa Elimu wakati huo alikuwa Fred Matiang'i, mwana wa Borabu hiyo hiyo. Yeye na wenzake serikalini walisema ni hasira za magenge ya kuiba mitihani yaliyobanwa. Wanafunzi na walimu wengine wakasema ni muhula wa pili uliorefushwa, na kupigwa marufuku kutembelewa na wazazi muhula wa tatu. Huenda wote walisema kweli kidogo. Linalonikera ni kwamba maelezo ya wanafunzi yalitafutwa baada ya moto, tena na polisi. Kabla ya moto hapakuwa na aliyewaita.

Sisi wa Pwani tuna kidonda chetu kwenye habari hii. Machi 1998 wasichana zaidi ya 20 waliteketea bwenini katika shule ya Bombolulu, ile ya Kwale, si mtaa wa Bombolulu wa hapa Mombasa. Mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Miaka mitatu baadaye, Kyanguli kule Machakos, wavulana 67 wakafa, na humo pia watoto walikuta njia ya kutokea imezibwa. Septemba 2024 tukalia tena, watoto 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri. Allah awarehemu na awape subira wazazi wao.

Sasa sikiliza. Tangu 2008 Wizara ya Elimu ina mwongozo wa usalama shuleni. Unasema mlango wa bweni ufunguke kwa nje, na upana wake usipungue futi tano. Usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2. Hakuna ndani yake jambo linalohitaji mhandisi. Msichana wa Gredi ya 10 akipewa futi ya fundi, kalamu na nusu saa, atakwambia kama bweni lake linafuata mwongozo au halifuati.

Hilo ndilo nililomwambia mwalimu wetu. Achana na hotuba ya sifa za kiongozi bora. Siku ya kwanza ya kongamano, wagawe vijana, uwape futi, waende kupima mabweni. Wahesabu milango. Waulize ufunguo wa usiku anakaa nao nani, na huyo mtu hulala wapi. Siku ya pili waje mbele ya wakuu wa shule, maafisa wa elimu na wajumbe wa bodi, wasome walichokiona, na kila mkubwa aseme kwa mdomo wake atarekebisha lini. Tarehe iandikwe. Baada ya muhula mmoja vijana wale wale warudi kupima tena. Hilo ni somo la huduma kwa jamii, ni somo la uongozi, na hesabu imo humo humo.

Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wakuu watasema nawafundisha watoto upelelezi."

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kuna walimu wakuu wanaojenga kwa pesa isiyofika kwa wakati, mtoto mmoja anazidi kitanda, mzazi hajalipa karo, serikali nayo inachelewesha mgao. Ukimwaibisha mtu kama huyo mbele ya wanafunzi wake hutapata mlango mpya, utapata kijana aliyefukuzwa. Ndiyo maana nimependekeza vijana wa shule moja wapime shule nyingine, ili asiwepo mtoto wa kulipiziwa kisasi, na majina ya watoto yasiandikwe kwenye ripoti. Tena vipimo si umbea. Mlango wa futi tatu ni futi tatu, hata akiupima nani.

Lakini kuna kupima shule nyingine, na kuna kupima shule ya upande wa pili. Hapa Nyansiongo inazidi miji mingine. Borabu wakati wa mkoloni ilikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru ikagawanywa kuwa makazi, familia nyingi za Kisii zikanunua zikahamia. Ng'ambo ya mpaka kuna Sotik, kwa Wakipsigis. Wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, mpaka huo ulikuwa uwanja wa vita. Soko la Chebilat, ambako kina mama wa pande zote mbili walikuwa wakiuziana, likawa mahali pa mishale na nyumba zilizochomwa. Waliozaliwa mwaka ule ndio wanaomaliza sekondari sasa. Na uchaguzi mwingine uko mlangoni, Agosti 2027, naye Matiang'i ameshasema anautaka urais, kwa hivyo Borabu haitakuwa kijiji cha pembeni katika siasa za mwaka ujao.

Kama kongamano litakuwa la watoto wa Nyansiongo peke yao, litakuwa zuri kiasi chake. Wakiitwa na wa Sotik, wakachanganywa kwenye vikundi, kijana Mkipsigis akashika ncha moja ya futi na Mkisii ncha nyingine, hapo kuna jambo ambalo hotuba mia za amani hazilipati. Wana mengi wanayoshiriki. Bonasi ya chai ya magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa chini ya ile ya Mlima Kenya, na manung'uniko ya Nyamira ni yale yale ya Bomet. Na lugha watakayoelewana, kwa kuwa Ekegusii na Kikipsigis hazikaribiani hata kidogo, ni hiki Kiswahili chetu. Mwalimu aliponikumbusha hilo nilijisikia fahari kidogo, nakiri.

Wapo watakaosema vijana hawa ni wadogo kwa mambo mazito hivyo. Juni 2024, maandamano yalipopamba moto Nairobi, waliokuwa wakifunga majeraha mitaani na katika Msikiti wa Jamia, uliofunguliwa kuwahudumia waliojeruhiwa, wengi wao walikuwa vijana wa kujitolea ambao muda si mrefu walikuwa bado kwenye sare za shule. Hawakusubiri barua ya elfu nne. Na sisi wenyewe kila Ramadhani tunawaachia watoto wa madrasa kupanga futari ya msikiti, kuhesabu sahani, kuwajua masikini wa mtaa ambao huona haya kuja. Kazi hiyo wanaiweza. Futari tunawaamini, mlango wa bweni wanapolala wenyewe hatuwaamini.

Limebaki suala la pesa, na hapa nitakuwa mkali. Kongamano hili lisitoze mtoto hata shilingi. Lifanyiwe darasani, si hotelini. Chakula kiwe ugali na mboga kutoka mashamba ya pale pale, na wageni wa heshima wale hicho hicho. Fulana hazina haja. Wateuliwe wale wanaofanya kazi tayari, waulizwe matroni, wapishi na walinzi ni nani huwasaidia, maana hao huona ambayo mwalimu wa zamu hayaoni. Orodha ikitoka ofisini peke yake, tutapata watoto wa wenye vyeo na wenye sauti nzuri ya kukariri mashairi.

Mwalimu anapanda basi la usiku kwenda Kisii likizo ikianza. Ameniahidi kuuliza mambo mawili kabla ya kikao cha kwanza cha maandalizi: kama shule za Sotik zimealikwa, na kama wakuu wa shule wamekubali kukaa siku ya pili hadi mwisho, si kufungua mkutano na kuondoka. Mzee wetu wa barazani naye ametuma neno lake, angali anasema wasome. Majibu nikiyapata nitayaandika hapa hapa, inshallah. Na wewe uliye na mtoto bwenini hapa Pwani, ukienda kumtembelea muhula huu, tazama mlango unafunguka upande gani.