Butembo: Fundi halipwi vizuri, lakini gari inakula pesa. Namna gani?

Mu magaraji ya Butembo mambo inapitaka vile vile kila siku. Mwenye gari anafika juu ya kelele ndogo kwenye pine ya mbele, anaondoka na deni. Anasema fundi ni mwizi. Fundi naye, mwenye kushinda chini ya gari mu matope tangu asubuhi, anarudi nyumbani na franga za kununua unga tu. Wote wawili wanalalamika, na wote wawili wako na haki. Sasa ile pesa inaenda wapi?

Sehemu kubwa inaishia kwenye safari ya piyesi. Gari mingi zenye kutembea huku ni Toyota za okazio zilizotumika kwanza Japani. Njo maana usukani iko kuume, hata kama mu Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Probox, Noah, Raum: hizi zilitengenezwa zaidi kwa watu wa Japani, na piyesi yazo haipatikane kila mahali. Kutoka Kinshasa hakuna barabara ya kuaminika mpaka Butembo, basi wachuuzi wanageukia mashariki: Dubai, Guangzhou, ao karibu zaidi, Kampala, kwenye soko ya Kisekka. Mizigo ya bahari inashuka Mombasa, inavuka Kenya na Uganda, zaidi ya kilomita 1,500, mpaka Mpondwe na Kasindi. Kutoka Kasindi kunabakia kilomita 134 kwa kupitia Beni.

Pale Kasindi kuko hesabu yenye wakaaji wengi hawaijue. Ushuru wa kuingiza vitu mu Kongo ni 5, 10 ao 20 kwa mia, kufwatana na aina ya kitu. Lakini duane haihesabu bei ya dukani peke yake, inaongeza na pesa ya usafiri mpaka mupakani. Tuseme piyesi ilinunuliwa dola 100 na usafiri wake ulikuwa dola 20. Ushuru wa 10 kwa mia unakatwa juu ya 120: ni dola 12. Kiisha TVA ya 16 kwa mia inakatwa juu ya 132, ni kusema dola 21 na kitu. Piyesi ya 100 imekwisha kuwa 153, na bado haijaingia Butembo. Hapo haujahesabu OCC na maofisi ingine, barieri za njiani, wala faida ya muchuuzi. Maana yake, kadiri barabara iko mbali na mubaya, ndivyo na kodi inapanda, kwani tunalipa ushuru hata juu ya ile usafiri.

Angalia wamotari. Pikipiki zao nyingi ni za marka chache tu, TVS ao Boxer, na kila duka iko na piyesi yazo. Muchuuzi anazileta mingi kwa mara moja, zinaisha haraka, bei inabakia chini. Lakini wenye gari, kila mutu na aina yake na mwaka wake. Muchuuzi hawezi kuweka pesa yake kwenye pompi ya mafuta yenye itakaa dukani miaka miwili ikingoja Raum moja iharibike. Kama anaiweka, ataiuza kwa bei ya kulipa ile miaka miwili. Kama haiweke, inaagizwa Kampala moja peke yake, na moja peke yake inalipa usafiri wake yote.

Kiisha kunakuja swali la dukani: unataka orijinali ao ya Shina? Wengi wanachagua ile ya bei chini, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini barabara yetu haihurumie mutu. Rotili, silentibloki na amortiseri zinapigwa kila siku mu mashimo, matope inaingia kila pahali, na piyesi ya uongo inaweza kuisha mu miezi kidogo. Mwenye gari analipa mara mbili, mara tatu, piyesi na mukono. Mafuta nayo iko na kazi yake: ile ya Kadafi, ya mu bidoni, mara ingine imechanganywa na pétrole ao maji, na injini njo inalipa.

Sasa tuje kwa mukono wa fundi, kwani hapo njo siri iko. Huku watu hawapende kulipa kazi ya mukono. Piyesi wanaiona kwa macho, wanaikamata, wanakubali bei yake. Lakini masaa mawili ya kutafuta kelele inatoka wapi, hapana: "hukufanya kintu, ulifunga buloni tu!" Wanakata bei mpaka inabakia karibu bure. Fundi naye iko na watoto, na iko na wanafunzi wa garaji wenye kutaka kula. Basi anaenda na mukiliya dukani, na muchuuzi anamuwekea kitu kidogo juu ya bei. Si wote wanafanya hivyo, lakini ni desturi yenye inajulikana. Matokeo yake ni kwamba fundi anapata zaidi akibadilisha piyesi kuliko akiitengeneza. Gari inabadilishiwa rotili, kelele inabakia, inabadilishiwa amortiseri. Ile pesa mwenye gari alikataa kulipa kwa akili ya fundi, anailipa dukani bila kujua.

Konsesioneri wakubwa wa marka wako mbali, Kinshasa na Lubumbashi. Kwao fakture inaandika masaa ya kazi waziwazi, mashini ya kusoma injini, piyesi orijinali na garanti. Bei inatisha, na wateja wao ni zaidi kampuni na mashirika. Kwa mwenye teksi ya Butembo ni kama hadisi.

Mu teksi njo mambo inakuwa ya hatari. Dereva analeta pesa ya siku kwa mwenye gari. Mara nyingi matengenezo kubwa ni ya mwenye gari, ile ndogo ni ya dereva. Plakete za fren ziko wapi, kubwa ao ndogo? Kila mumoja anangojea mwenzake, na Butembo ni muji wa milima. Abiria mwenye kupanda pale kwenye muteremuko hakuulizwa. Na wakati mwishowe gari inatengenezwa, deni inaingia mu bei ya safari na mu bei ya gunia ya maharagi yenye ilisafirishwa.

Wenye gari wamoja wamebadilisha namna ya kufanya. Wanapatana bei ya mukono mbele, mbali na piyesi, na wanailipa hata kama fundi hakubadilisha kitu. Wanaenda dukani wenyewe na piyesi ya zamani mu mukono, kulinganisha namba, na wanaomba ile ya zamani irudishwe. Kuko pia wenye gari za aina moja wenye kuagiza Kampala pamoja, ili usafiri ugawanyike.

Barabara ya Kasindi–Beni–Butembo, yenye kazi zake zilizinduliwa mu mwaka wa 2021 kati ya Kongo na Uganda, ikimalizika kwa lami itapunguza rotili zenye kuvunjika. Duane ya Kasindi yenyewe itabakia pale pale.