Mgeni Njoo, Mwenyeji Ahame?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo, wapenzi wasomaji, siku hizi pwani yetu imepata mgeni ambaye wahenga hao hawakumwona. Si mtalii wa juma moja anayepiga picha za kasa kule Watamu kisha akaenda zake. Si tajiri wa kujenga hoteli. Huyu ni mfanyakazi wa mtandaoni. Ofisi yake iko Uingereza, Ujerumani au Marekani, lakini yeye hutafuta nchi ya joto yenye maisha nafuu, akapanga chumba chenye intaneti, akafungua kipakatalishi chake na kuchapa kazi huku upepo wa bahari ukimpuliza. Mshahara unatoka kule, matumizi yako huku. Je, tumkaribishe? Mimi nasema tumkaribishe, tena kwa mikono miwili. Lakini nasema pia kwamba safari yake haijapangika sawasawa mpaka sisi wenyeji tuwe ndani ya hesabu yake.

Kwanza tuelewe kwamba mgeni huyu anagombewa. Mwaka wa 2020 Barbados ilianza kutoa kibali cha mwaka mmoja kwa mtu anayepata angalau dola 50,000 kwa mwaka. Mwaka uo huo Mauritius, jirani yetu katika Bahari ya Hindi, ilianzisha kibali chake kwa mwenye mapato ya dola 1,500 kwa mwezi. Thailand ilifuata mwaka wa 2024, ikimtaka mwombaji aonyeshe akiba ya baht 500,000. Kenya nayo haikutaka kuachwa nyuma. Mnamo Oktoba 2024 serikali yetu ilitangaza kibali cha daraja N kwa ajili ya watu hawa hawa. Kwa hivyo haya si maneno ya vijiweni.

Sasa tulitazame hilo neno "nafuu". Nafuu kwa nani? Chukua zile dola 1,500 za Mauritius, ambazo ni kiwango cha chini kabisa. Kwa takriban shilingi 129 kwa dola, kama ilivyokuwa mwaka wa 2025, hizo ni kama shilingi 193,500 kwa mwezi. Jameni! Mtu mwenye fedha hizo akiingia Malindi, kodi ambayo kwake ni kama bure, kwa mwalimu wetu ni mlima. Mtaani kwetu iko ploti ambayo mwenyewe aliipaka rangi, akatia meza, feni na intaneti, kisha akaanza kuwapangisha wageni kwa kodi mara tatu ya ile ya zamani. Mwalimu aliyekuwa akikaa humo na watoto wake akahamia mbali, na sasa hupanda matatu mbili kufika kazini. Mgeni hana kosa, maana hamjui hata huyo mwalimu. Mwenye ploti naye atakwambia mali ni yake. Lakini ukweli ni kwamba mgeni alikuja na mwenyeji hakupona. Alihama.

Wako wanaosema basi tufunge mlango. La hasha! Pwani hii haijapata kufunga mlango. Wafanyabiashara wa Oman na Ghuba walikuja kwa majahazi wakisukumwa na kaskazi, upepo uvumao kuanzia Desemba hadi Machi, na iliwabidi wangoje kusi ivume ndipo warudi kwao. Katika kungoja huko waliishi mijini mwetu. Waliuza tende, wakanunua pembe za ndovu na boriti za mikoko, wakajifunza lugha yetu, na wengine wakaoa papa hapa. Lugha yetu nayo ikachota kutoka kwao. Hata maneno "safari" na "hesabu" niliyoyatumia hapo juu asili yake ni Kiarabu. Kwa hivyo mgeni wa kukaa msimu mzima si jambo geni kwetu. Tofauti ni kwamba yule wa jahazi asingeweza kufaulu bila sisi. Alituuzia, akanunua kwetu, na ilimbidi atusalimie.

Huyu wa leo anaweza kukaa miezi sita asijue jina la jirani yake. Wahenga walisema pia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wetu huyu amekuja na jembe lake mwenyewe, tena ni mchapakazi. Shida ni kwamba shamba analolilima haliko hapa. Mavuno yanavunwa ng'ambo, na sisi tunabaki na kile tu anachokitumia: kodi, chakula, nauli na dobi. Akila kila mlo katika hoteli ya mgeni mwenzake, sisi tutabaki tukitazama vumbi la gari lake. Akinunua mahamri na mbaazi kwa mama wa mtaani, akachukua samaki kwa mvuvi na mboga kwa mama mboga, akampa kazi fundi wa hapa, basi fedha hizo zitazunguka hadi zilipe karo ya mtoto wa mtu.

Kwa sababu hiyo, ningepata nafasi ya kumshauri mgeni kama huyu kabla hajakata tiketi, ningeanza na karatasi. Idhini ya kielektroniki iliyochukua nafasi ya viza mnamo Januari 2024 ni ya matembezi yasiyozidi siku 90. Haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi. Anayetaka kuishi hapa akifanya kazi na aombe kibali. Ajue pia kwamba akikaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka, sheria humhesabu kuwa mkazi katika mambo ya ushuru. Barabara anazozitumia hujengwa kwa ushuru huo, na hata mama mboga hulipa chake kila anunuapo mafuta ya taa.

Halafu ningemwambia atazame saa. Sisi tuko mbele ya London kwa saa tatu wakati wa baridi yao, na kwa saa mbili wakati wa joto lao. Hiyo ni rahisi. Lakini aliyeajiriwa New York, wakati wa baridi ya kwao, atafungua kazi saa kumi na moja jioni yetu na kufunga saa saba usiku. Asipopanga vizuri atalala mchana kutwa na bahari ataisikia tu. Aulize kuhusu stima pia. Mnamo tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota Kenya na kwa majirani. Mwenye busara huweka betri ya akiba na laini ya simu ya pili. Mvua za masika nazo humwagika hasa Aprili na Mei, kwa hivyo asije akidhani joto la Januari ndilo la mwaka mzima.

La mwisho kwake ni nyumba na lugha. Kabla ya kulipa, aulize wapangaji wa hapa wanalipa ngapi, maana anayelipa chochote anachotajiwa huwapandishia wengine bila kujua. Kisha ajifunze Kiswahili. Sisemi hivyo kwa sababu mimi ni mwanachama wa chama hiki. Anayejua kuuliza "nyanya hizi ni za nani?" amepata jirani, na jirani ndiye atakayemwita usiku paa likivuja.

Sisi nasi tusijifanye malaika. Kuna ile tunayoiita bei ya mzungu. Mtu akimwona mgeni, nauli ya tuktuk inakuwa mara mbili papo hapo. Tunacheka tukidhani tumemla mjinga. Kumbe soko lina masikio! Bei ikishapanda kwa mgeni, kesho itapanda kwa mama yako. Aidha, viongozi wa kaunti wanapojivunia wageni hawa, watuambie pia walimu, wauguzi na wavuvi watalala wapi.

Tena kuna jambo linaloniuma zaidi ya kodi. Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilifika nchi kavu Mombasa mwaka wa 2009. Sisi wa pwani ndio tuliopitiwa kwanza mlangoni. Mbona basi anayezitumia kujipatia riziki awe ni mgeni, halafu kijana wa hapa aliyemaliza kidato cha nne ndoto yake iwe ni kumbebea begi? Kubeba begi si aibu, ni kazi ya halali. Lakini kazi ya mtandaoni haiulizi mtu amezaliwa wapi, huuliza anajua nini. Wako Wakenya wengi wanaoifanya sasa hivi. Chumba cha tarakilishi shuleni kikifunguliwa jioni, na mgeni akiombwa atoe saa moja kwa juma kutufundisha anachokijua, hapo jembe lake litakuwa limegusa udongo wetu.

Ndugu msomaji, sitaki mgeni afukuzwe, na sitaki mwenyeji asukumwe nyuma ya mji wake mwenyewe. Nchi nafuu ni nyumbani kwa watu. Anayepanga kuja na aandike hilo katika orodha yake, juu kabisa, kabla ya mafuta ya kuzuia jua. Karibu mgeni, kaa nasi, na jembe lako usilifiche. Hapa nafasi ya kulima ipo.